Kamati Haikuvuka Mto

Kiangazi kile hatukufungwa na mtu. Nianze na hilo, kwa sababu kila ninapolisimulia jambo hili watu hudhani nalia kilio cha aliyeshindwa. Hatukushindwa. Tulicheza kila Jumapili tangu baridi ilipoanza kulegea mpaka nyasi zikawa na rangi ya mkate, na hakuna timu iliyotoka uwanjani kwetu ikicheka. Mimi nilikuwa kipa, kwa hiyo najua. Mipira iliyoingia golini kwangu niliiokota mwenyewe, na haikuwa mingi ya kunichosha mgongo.

Majina ya watu sitayaandika. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu ambao hawana kosa. Lakini vyeo vyao nitavitaja, maana vyeo walivipenda wenyewe: Mwenyekiti na Katibu. Aliyekuwepo atawajua. Watu huniambia, "Mzee, yamepita hayo." Yamepita kwao. Mimi shule niliiacha darasa la nne, sikufika walikofundishwa wenzangu kusahau.

Timu yetu ilikuwa ya Wakongo wa mashariki, watu wa Uvira, Fizi na Bukavu, tuliokutana Stratford, London, bila kupanga kukutana. Wengi tulikuwa bado tunangoja ofisi ya uhamiaji itujibu kama sisi ni wakimbizi kweli au tulikuja kutembea. Tulifanya kazi zilizopatikana: kufagia stesheni, kuosha vyombo, kuogesha wazee wa watu. Jezi tulizinunua sokoni kwa mafungu, zote za bluu, lakini kila fungu na bluu yake. Tukisimama pamoja ungedhani unaliangalia ziwa Tanganyika, huku kina kifupi, huku kirefu.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa Uvira kama mimi, ila kule hatukujuana. Alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na vikongwe wa Kizungu walimpenda hata wakakataa kulishwa na mtu mwingine. Alikuwa mpole kupita kiasi. Uwanjani akimwangusha mtu alisimama kumwomba msamaha, na mpira ukaendelea bila yeye. Tulimpigia kelele sana kwa hilo.

"Nahodha, msamaha utaomba kanisani! Rudi nyuma!"

"Nakuja, nakuja," alisema, na bado anamfuta mtu magoti.

Mama yake alikuwa kambini, upande wa Kigoma. Walipopotezana njiani wakati wa kukimbia vita, Nahodha alikuwa na risasi mguuni. Walimlaza kwenye mkokoteni wa mtu, wakamfunika kitenge, na kitenge kikalowa. Mkokoteni ukaenda upande mmoja, mama akasukumwa na watu upande mwingine. Picha hiyo ndiyo mama aliyobaki nayo. Miaka ikapita, Nahodha akampata kwa simu ya mchungaji wa kambini. Siku hiyo tulikuwa tumenunua kadi moja ya simu kwa shirika, kwa hiyo nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia.

"Una miguu?" mama aliuliza. Hata salamu hakutoa.

"Ninayo, mama."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Usinidanganye ili nile chakula."

Nahodha akatuma picha. Alisimama mbele ya basi jekundu, suruali ameikunja mpaka magotini kama mtu anayetaka kuvuka mto, na watu wa kituoni wanamshangaa. Picha ikafika. Mama aliitazama, wakampa simu, akasema, "Hata mti husimama. Mimi nataka kukuona unakimbia."

Nilicheka, halafu nikatoka nje. Kwangu mimi hakubaki mtu wa kuniuliza kama nina miguu. Sisemi hivyo nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwa nini mama wa mtu mwingine aliniingia kichwani namna ile.

Sasa nieleze ubingwa wetu ulivyokuwa, maana hapo ndipo uovu ulipojificha. Timu za watu wa Kiswahili zilikuwa nyingi London siku hizo: Watanzania, Wazanzibari, Wakenya, sisi, na vijana wa Kihindi waliozaliwa na wazazi wa Mwanza na Kisumu. Ligi ya kupangiwa haikuwezekana. Huyu ana shifti ya asubuhi, yule ya usiku, mwingine Jumapili haachi kanisa. Kila timu ilijitafutia mechi zake. Ila mwisho wa mwezi wa nane, Jumatatu ile Waingereza wanapopumzika, kamati ilikodi uwanja mzuri wenye nyavu na chumba cha kuvalia, siku moja tu, mechi moja tu. Fainali. Timu mbili.

Ni nani anaingia fainali? Hapo hapakuwa na pointi wala mchujo. Kamati ilikaa kitako ikachagua.

Walikaa Tooting, chumba cha nyuma cha duka la Mwenyekiti, katikati ya magunia ya mchele na maboksi ya majani ya chai. Mwenyekiti alikuwa Mhindi wa Mwanza, mzaliwa wa kule, mtu wa makamo, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Katibu alikuwa mtu wa Dar, mwenye tai. Alifanya kazi ofisini katika chuo kimoja, na wanafunzi wa Kiswahili wa chuo kile walikuwa na timu, na timu ile Katibu aliiita "vijana wangu" hata kikaoni. Walikuwapo na wajumbe wengine, lakini hao walikuwa wa kunywa chai na kuitikia.

Na fainali ilipigwa video. Shemeji yake Mwenyekiti, mtu wa Rayners Lane aliyezoea kupiga harusi, alikuja na kamera yake ya begani. Kanda zilitolewa nakala, na nakala zikasafiri ndani ya mabegi ya watu: Mombasa, Dar, Mwanza, mpaka Kigoma. Mechi nyingine zote zilibaki vichwani mwetu. Kamera ya namna ile kwetu ilikuwa kama ndege, unaiona ikipita juu.

Mwezi wa sita, timu zote za upande wetu tukiwa tumeshazifunga, Nahodha alimwambia mama yake kwa simu, "Mama, mwezi wa nane nitacheza fainali. Italetwa kanda. Utaniona nakimbia." Mama akamwambia mchungaji, mchungaji akamwambia mwenye kibanda cha video, na kambi nzima ikajua. Nahodha alisema mapema, ndiyo. Lakini mtu ambaye hajafungwa, angedhani nini?

Mwezi wa saba tulikwenda Tooting, yeye na mimi, kuuliza tu mambo yanaendaje. Katibu alitupokea vizuri, akatutafutia ndoo mbili tukakalia.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna anayekataa kwamba mnashinda. Swali ni moja. Mmemshinda nani?"

"Waliokuja," nikamwambia.

"Ahaa. Wadogo. Timu zenye uzito hamjacheza nazo."

"Tuliziita. Hazikuja. Wewe ndiye uliyeziambia zisije, kwamba uwanja wetu una mashimo."

"Una mashimo au hauna?"

"Unayo. Lakini mashimo hayavai jezi, ndugu. Wote tunayakanyaga."

Nahodha akanigusa goti ninyamaze. Akauliza kwa upole wake, "Na ile tuliyowafunga vijana wako wa chuo, mwezi wa tano?"

Katibu alirekebisha tai. "Ile yalikuwa mazoezi."

Mazoezi! Refa alikuwepo, kona zilipigwa, mtu wao mmoja alitolewa nje akalia. Tungefungwa sisi yangekuwa mashindano.

Na katika watu wote waliokuwa wakitupima uzito, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mto kuja kututazama. Tooting iko kusini ya mto, sisi tuko ng'ambo, mashariki. Treni zipo. Walitupima kwa masikio.

Tulipokuwa tunatoka, mjumbe mmoja wa wale wa chai alitufuata mpaka mlangoni akanong'ona, "Mpira mnaujua. Lakini kamati hamjaisalimia." Akaenda zake.

Kusalimia kamati maana yake ni kuwaita kwenu wale. Si rushwa, walikataa kabisa neno hilo. Timu inayotaka kuangaliwa inaalika kamati, inapika chakula cha kwao, watu wanafahamiana. Wazanzibari walikuwa wamepika biriani mpaka jirani akaita zimamoto. Sisi tulikuwa tunafunga magoli tu, kama wajinga.

Basi tukawaita kwangu, Stratford. Na siku hiyo, naapa, kamati ilivuka mto. Kwa sahani ilivuka.

Mke wangu alipika siku nzima. Kuku, ugali, ndizi, na sombe. Kwa asiyejua, sombe ni majani ya muhogo, yanatwangwa na kuchemshwa mpaka yalegee, na mawese juu. Mwenyekiti alipoingia alivua viatu, akaweka mikono pamoja, akasema kwa heshima, "Mama, samahani, sikuwaambia mapema. Mimi sili nyama, sili samaki, sili hata yai. Usihangaike, nitakula wali."

"Usijali, mzee," mke wangu akamwambia. "Kwako kuna majani."

Na hakudanganya. Muulize Mkongo yeyote sombe ni nini, atakwambia ni majani. Kwamba ndani yake umetwanga ndagala mkavu, visamaki vya ziwani kwetu, hilo si la kusema, kama usivyomwambia mgeni kwamba umetia chumvi. Sombe bila ndagala kwetu hupewa mgonjwa.

Mwenyekiti alikula. Akaongeza. Uso ulimfunguka, akaanza kusimulia mchicha wa mama yake, jinsi alivyoupika kwa karanga, jinsi watoto walivyogombea ukoko wa chini ya sufuria. Nahodha alinitazama kwa furaha, mimi nikamkonyeza. Mwenyekiti akaongeza mara nyingine, na safari hii akachota chini kabisa ya bakuli, mahali ambapo mchi haukufika vizuri. Akasimamisha kijiko. Juu ya kijiko kulikuwa na kichwa kidogo cha ndagala, kizima, kinamtazama kwa jicho moja.

Mtu wa Mwanza huwezi kumdanganya kuhusu kitu hicho.

"Mama," alisema polepole, "huyu ni dagaa."

"Ndiyo, mzee. Ni kidogo tu. Ni wa harufu."

Katibu aliangalia chini, lakini mimi niliyaona mabega yake yakitikisika, na mpaka leo siwezi kumsamehe mabega yale. Mwenyekiti aliweka kijiko chini bila sauti. Alikwenda bafuni, tukasikia maji yakimwagika, yakimwagika. Akarudi, akavaa viatu, akamwambia mke wangu, "Asante kwa kazi yako, mama," akaondoka. Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

Mke wangu alilia juu ya sufuria. "Papa, nimemtia mzee wa watu dhambini."

"Hukujua."

"Alisema samaki. Alisema wazi. Mimi kichwani samaki ni yule mkubwa wa kukaanga!"

Baada ya wiki mbili kamati ikachagua. Katibu alinipigia simu kazini, nikiwa na fagio mkononi. Fainali ni vijana wa chuo, ambao tuliwafunga mimi mwenyewe nikiwa golini nikipiga kelele, dhidi ya vijana wa kaskazini, wale wa Kihindi, watoto wa wenye maduka, ambao nao walikuwa wamefungwa zaidi ya mara moja. "Tumezingatia uzito," alisema, "na pia sura mbele ya watu. Mwakani, ndugu yangu, mwakani." Sura! Kwa sababu jezi za chuo zote zilikuwa bluu moja. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini huyu alivuta mpaka ngoma ya jirani.

Nilimwambia Nahodha jioni ile. Zamu ya kufua jezi ilikuwa yake, akazichukua, akazifua, akazianika kwenye kamba ya bafuni, zote, tukakaa tunayasikia matone. Mwishowe akasema, "Nitamwambiaje?"

"Mwambie ukweli."

"Kwake ukweli utarudi kuwa ule ule wa mkokoteni. Atasema, nilijua. Atasema miguu haipo, ndiyo maana hawakunipanga."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijaniachia. Kombe ni bati. Lakini wanaume waliokaa juu ya magunia ya mchele walikuwa wamemwambia kikongwe wa Kigoma kwamba mwanawe hana miguu, na hawakujua hata kwamba wamesema.

Mke wangu hakutuambia alichofanya. Alipanda treni peke yake akaenda Tooting. Akaingia dukani kwa Mwenyekiti, akanunua sufuria mpya pale pale, ili mzee aone kwa macho yake kwamba haijapikiwa kitu. Kesho yake akairudisha imejaa mchicha wa karanga, karanga na mchicha na chumvi na basi. Mwenyekiti alikataa kuonja kwa muda mrefu. Akachungulia kwa kijiko mpaka chini. Halafu akaonja. Mke wangu akasimama pale kaunta, wateja wanapita, akamweleza habari za mama wa Nahodha tangu mkokoteni mpaka mti. Hakuomba kitu. Alikwenda kutubu dhambi ya dagaa, na mdomo wake ukaendelea, ndivyo alivyo.

Jumatatu ya fainali ikafika. Tulikuwa tumeapa kutokwenda. Nahodha akatuzunguka chumba kwa chumba asubuhi: "Twendeni. Jezi nimeshazifua." Viwanja kule vimepangana, kimoja baada ya kingine. Pembeni ya uwanja mzuri kulikuwa na kingine kisicho na nyavu, hakuna aliyekikodi. Wakenya wa kusini mwa London, ambao nao waliachwa, walikuwa wameshafika pale wanapasha miguu.

"Nyinyi mmeachwa kwa sababu ya samaki," nahodha wao alitutania, habari zilikuwa zimefika. "Sisi je? Sisi hatukuwapikia chochote!"

"Ndiyo sababu yenyewe sasa," nikamwambia.

Tukacheza nao. Ng'ambo ya kamba, kwenye fainali yenyewe, kulikuwa na viti, vipaza sauti na kamera, na mpira wa kuchosha, wanarudishiana nyuma kama watu wanaosukumiana bili ya chai. Kwetu magoli yalikuwa yanaingia pande zote, na kwa kuwa hakukuwa na wavu kila goli nilikimbilia mpira kwenye vichaka. Watu wakaanza kugeuza viti vyao. Kwanza akina mama, halafu wanaume wa nyuma. Katibu alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba watu waelekeze macho upande wa mashindano rasmi. Neno hilo, rasmi, lilitembea juu ya nyasi likatufikia, Wakenya wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ilipofika mapumziko yao nikamwona Mwenyekiti anakuja kwetu, mwavuli kwapani, na nyuma yake shemeji na kamera begani. Nikajua anakuja kutufukuza. Akasimama karibu na mlingoti wangu.

"Yuko wapi mwenye mama?"

Nikamwonyesha.

"Kura sikuwapa," alisema bila kuniangalia. "Nataka ujue. Nilikuwa na hasira. Dagaa wale walikaa tumboni mwangu mpaka Jumatano." Akavuta pumzi. "Mama yangu alifia Mwanza, mimi nikiwa hapa nafungua duka." Halafu akamgeukia shemeji yake akamwambia kwa Kihindi chao neno moja, na shemeji akapandisha kamera.

"Nahodha!" nilipiga kelele. "Kamera! Kimbia!"

Sijawahi kuona mtu anakimbia vile. Alikimbia pembeni ya mstari mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Mpira ulikuwa upande wa pili kabisa.

"Mpira uko huku, baba!" Wakenya walimwambia.

Refa akapiga filimbi kwamba ameotea. Yeye anakimbia. Filimbi ikapigwa tena. Anakimbia. Kisha akaja mbele ya kamera, anahema, akakunja kaptula, akainua mguu wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto wenye kovu, akaugeuza huku na huku kama muuza kitambaa anayeonyesha pindo. Halafu akaruka juu. Akaruka tena. Wakenya waliokuwa wanacheka wakanyamaza, maana mtu wetu mmoja alikuwa ameshawanong'oneza habari za mama. Nahodha wao akachukua mpira mikononi, akampelekea, akauweka miguuni pake, akamwambia, "Haya bro, sasa na mpira." Mabeki wao wote wakasogea kando. Akaenda nao mpaka golini akafunga. Tulibishana miaka kama goli lile lihesabiwe. Mimi nahesabu.

Chuo kilichukua kombe, kwa penalti. Bingwa ambaye tulimfunga sisi alibebwa mabegani, na Katibu alibebwa naye, tai imekwenda mgongoni. Baadaye alidai ile sehemu yetu ikatwe kwenye kanda, kwa sababu imeharibu mtiririko. Shemeji wa Rayners Lane akamwambia pole, nakala zimeshaondoka na wasafiri. Zilikuwa bado ziko mezani kwake, tulikuja kujua. Mungu ambariki mtu yule kwa uongo huo.

Miaka michache baadaye binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alinieleza kwamba Marekani timu za vyuo, za ule mpira wao wa kubebwa mikononi, nazo zilipelekwa fainali namna ile ile: kura za watu waliokaa na hesabu za kompyuta juu yake. Timu inaweza kushinda mechi zake zote ikaambiwa haikucheza na wazito. Nilimfanya arudie. Nikamuuliza kama na wao wana magunia ya mchele. Akasema ni mpira tu, baba, na akarudi chumbani kwake. Lakini mimi nilikaa pale nikiwahurumia vijana wale nisiowajua, wenye nguvu zile na kofia zile za chuma, nikajiuliza nani kati yao ana mama anayengoja.

Kanda ilichukua muda kufika Kigoma. Ilipofika, mchungaji alitutumia neno, tukanunua kadi, tukapiga. Nahodha aliweka simu katikati ya masikio yetu mawili.

"Nimekuona," mama alisema.

Nahodha akaishika simu kwa mikono miwili.

"Unakimbia vibaya. Kama baba yako. Wenzako wanakimbiza mpira, wewe unakimbiza upepo." Tukasikia watu nyuma yake wanacheka, kibanda kizima kilikuwa kimemfuata mpaka kwenye simu. "Nimewaambia warudishe. Wamerudisha mpaka wenye kutaka fainali yao wamenuna. Nikawaambia fainali ndiyo hii, nyingine ni ya kupumzikia." Akashusha sauti. "Nimekula leo."

"Asante, mama."

"Na yule mrefu, aliyesimama kati ya vijiti viwili. Muda wote amesimama tu. Ana nini?"

"Ni kipa, mama. Kazi yake ni kusimama pale."

"Hata mti husimama. Ni mtoto wa nani?"

Nahodha alinitazama, halafu akatoa sikio lake, akaniachia simu yote.

"Mama, jambo," nikasema.

"Una miguu?"

Nilikuwa mtu mzima wakati huo, mwenye mke na watoto, mwenye sauti ya kutosha kuwapigia mabeki kelele. Niliitazama miguu yangu kwanza.

"Ninayo, mama."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Basi mwakani ukimbie kidogo, nikuone."

Mwaka uliofuata Mwenyekiti alivuka mto kabla ya kikao chochote, Jumapili ya katikati ya kiangazi, na shemeji na kamera. Alileta sufuria ya kwake ili asile kwetu. Tulikuwa hatujafungwa, mwaka wa pili huo, na Katibu alikuwepo pia, amekaa ndani ya gari akitafuta sababu. Zilipobaki dakika chache tukapata kona. Wote walikwenda mbele. Nikaangalia kamera, nikaliacha goli langu wazi, nikakimbia uwanja mzima, na mashimo yake yote.

Kona iliokolewa. Mpira ulinipita juu ya kichwa ukaenda kudunda polepole kuelekea golini kwangu, hakuna mtu, na wenzangu wakapiga kelele nirudi. Nilirudi. Lakini kwanza nilipita mbele ya kamera.